Klasta Ikikataa Kazi Yako, Uliza Nani Hamwamini Nani

Ukiwa mbele ya kompyuta yako mwenyewe, unaandika amri na inatekelezwa ukiiona. Nenosiri umeshaingiza, mfumo unakujua, basi. Kwenye klasta ya pamoja, yaani kompyuta nyingi (nodi) zilizounganishwa na kugawiwa kazi na programu iitwayo kipangaji, kazi unaiacha kwenye foleni ukaenda zako kulala. Saa nane za usiku kipangaji kinaiamsha kwenye nodi ambayo hujawahi hata kuisikia, inatembea kwa jina lako na kufungua faili zako, nawe hupo. Aliyebaki ni wakili uliyemwachia: ufunguo, tiketi, cheti au tokeni, yaani kithibitisho cha kidijitali kinachokusemea.

Hitilafu nyingi za usalama nilizowahi kuzifukuzia kwenye vipangaji ziliishia kwa wakili huyo. Ama muda wake umekwisha, ama upande wa pili haumtambui, ama amepewa madaraka makubwa kuliko kazi aliyotumwa. Ndiyo maana kabla sijawasha upya chochote nauliza: hapa nani anamwamini nani, kwa ushahidi gani, na ushahidi huo unakufa lini? Dalili zifuatazo zinaanzia na zile zinazopiga kelele na kwenda kwenye zile zilizokaa kimya. Mifano mingi ni ya Slurm kwa sababu ndicho kipangaji ninachoshinda nacho, ila HTCondor, YARN (kipangaji cha Hadoop) na mifumo ya gridi (klasta za vituo mbalimbali zilizounganishwa) ina maradhi yaleyale kwa majina mengine.

Dalili: kazi zote zinakataliwa, za watumiaji wote, kwa mpigo

Kama jana mambo yalikuwa sawa na leo hata `sinfo`, amri ya kuonyesha hali ya nodi, inalalamika, usimguse mtumiaji yeyote. Tatizo liko kati ya mashine na mashine.

Slurm kwa kawaida hutegemea MUNGE. Programu hii hufunga UID na GID (namba ya mtumiaji na ya kundi lake) ya mtumaji ndani ya kifurushi kilichosimbwa kwa ufunguo mmoja unaoshirikiwa na klasta nzima. Nodi inayopokea hukifungua kwa ufunguo uleule na kuamini namba inayoikuta ndani. Haimpigii simu mtu yeyote kuuliza. Kwa hiyo hapa kuna ushahidi wa aina mbili tu: ufunguo na saa.

Anza na saa. Kifurushi cha MUNGE huishi dakika 5 usipobadilisha mipangilio. Saa za nodi mbili zikipishana zaidi ya hapo, kifurushi kitafika kikiwa kimeshakufa au kikiwa bado hakijazaliwa. Ukiona `Expired credential` kwenye logi, saa ya mpokeaji iko mbele ya ya mtumaji, au kifurushi kilikwama njiani. Ukiona `Rewound credential`, mpokeaji yuko nyuma: anapewa kitu kinachodai kimetengenezwa kesho. Endesha:

`munge -n | ssh nodi07 unmunge`

kisha linganisha mistari ya `ENCODE_TIME` na `DECODE_TIME`. Ikipishana, kamuulize `chronyc tracking`, amri ya kukagua usawazishaji wa saa, kwenye nodi hiyo. Mashine pepe zilizosimamishwa kwa muda halafu zikaamshwa ni wateja wakubwa wa tatizo hili. Kuna wasimamizi ambao dawa yao ni kurefusha uhai wa kifurushi hadi saa nzima. Hiyo si dawa. Umempa mwizi wa kifurushi saa nzima badala ya dakika tano, na saa bado ni mbovu.

Kama saa ziko sawa na jibu ni `Invalid credential`, ufunguo haufanani. Jaribu kwanza `munge -n | unmunge` ndani ya nodi ileile. Ikifaulu ndani na kushindwa kuvuka kwenda nyingine, linganisha `sha256sum /etc/munge/munge.key` pande zote mbili. Usiutume ufunguo wenyewe kwa barua pepe ili mwenzako "auangalie", nimeona ikifanyika. Mwenye ufunguo huo anaweza kujiita mtumiaji yeyote wa klasta, root (msimamizi mkuu wa mashine) akiwemo. Ukishaunakili, kumbuka kuwasha upya `munged`, maana huusoma ufunguo inapoanza tu. Na ikigoma kabisa kuwaka, tazama ruhusa za faili: ufunguo unaosomeka na kundi au na watu wengine hukataliwa na MUNGE yenyewe, na ina haki.

Dalili: nodi moja tu inaleta vurugu, au matokeo yanaandikwa kwa jina la mtu mwingine

MUNGE hubeba namba, haibebi jina. NFS (mfumo wa kushiriki faili kwa mtandao) ya kawaida, ile ya `sec=sys`, nayo huamini namba. Sasa chukua nodi iliyosakinishwa kwa mkono, ambako UID 1004 ni ya mtu mwingine. Kazi yako itaanza pale vizuri kabisa, kwa mamlaka ya mwenye namba. Endesha `id jina` na `getent passwd 1004` kwenye nodi ya kuingilia, kwenye seva ya kipangaji na kwenye nodi inayoshukiwa. Majibu matatu lazima yawe jibu moja. Yakitofautiana, itoe nodi hiyo kwenye huduma papo hapo. Wengi huliandika hili kwenye orodha ya "kero ndogo", kumbe ni mlango uliofunguliwa wazi.

Dalili: kazi inaanza vizuri, inakufa baada ya saa kadhaa kwa `Permission denied`

Hii ndiyo inayowatesa watu kuliko zote, kwa sababu kazi fupi za majaribio hupita bila tatizo. Mtu anajaribu kwa dakika kumi, anaridhika, anatuma kazi ya saa 36, na asubuhi anakuta maiti.

Wakili kaisha muda kazini. Mahali penye Kerberos, mfumo wa kuthibitisha watumiaji kwa tiketi, sera nyingi huipa tiketi uhai wa saa 10 au 24. Vyeti vya uwakilishi vya X.509 vinavyotumika kwenye gridi hutolewa kwa saa 12 usipotaja muda mwingine. Hadoop, mfumo wa kuchakata data nyingi, ina tokeni za uwakilishi ambazo kwa mipangilio ya kawaida huhuishwa kila saa 24 na hufa moja kwa moja siku ya 7. Ukisikia mtu anasema programu yake ya mtiririko "huanguka kila wiki", usipoteze muda kusoma msimbo wake.

Hapa watu hukosea kuhesabu. Wanahesabu tangu kazi ilipoanza kutembea, wakati tiketi ilianza kuzeeka ilipotolewa. Foleni nayo inakula. Tiketi ya saa 10 iliyokaa foleni saa 8 inaipa kazi saa 2 tu, na ndiyo maana kazi ileile hufaulu siku foleni ikiwa tupu na kufa siku kuna msongamano. Mtumiaji atakwambia kosa ni la kubahatisha. Chukua muda wa kutuma, muda wa kuanza na muda wa kufa kutoka `sacct` (kumbukumbu za kazi za Slurm), weka pembeni muda ulioonyeshwa na `klist` (orodha ya tiketi za Kerberos), toa. Kubahatisha kutatoweka.

Ukishathibitisha, una njia kadhaa, na sizipendi zote kwa usawa. Tiketi inayoweza kuhuishwa, ikihuishwa na `kinit -R` au na `krenew` ndani ya kazi, ni njia safi: wakili anarudi kuomba kibali kipya kabla cha zamani hakijafa, na akaunti ikifungwa, anaweza kunyimwa anaporudi kuomba. Kwenye gridi, seva ya MyProxy hufanya kazi inayofanana na hiyo. Faili ya keytab inafanya kazi pia, lakini ijue ilivyo: ni nenosiri lililolala ndani ya faili. Ipe ruhusa 0400, usiiweke kwenye saraka ya mradi, na isiwe ya akaunti ya mtu bali ya huduma yenye madaraka machache.

Njia ninayoipendekeza zaidi haina uhusiano na usalama hata kidogo. Ikate kazi. Ifundishe programu kuhifadhi hali yake kila saa chache na kuendelea ilipoishia, kisha itume kama mlolongo wa kazi fupi. Wakili wa saa 6 anatosha, na nodi ikifa hupotezi siku mbili. Wanaoomba tiketi za siku 30 kwa kawaida wanaomba hivyo kwa sababu programu yao haijui kujihifadhi.

Dalili: cheti ni kizima, tarehe haijapita, bado kinakataliwa

Angalia mtindo wa kukataliwa kabla ya kuangalia cheti. Akikataliwa mtu mmoja kila mahali, shida iko kwake, na mara nyingi ni faili ya cheti cha uwakilishi, ile `/tmp/x509up_u` yenye UID mwishoni, kuwa na ruhusa pana kuliko 600. Wakikataliwa wote waliopewa vyeti na mamlaka moja, tena kwenye kituo kimoja tu, mshukiwa wa kwanza ni orodha ya vyeti vilivyobatilishwa. Orodha hiyo nayo ina tarehe ya mwisho. Ikipita bila kupakuliwa mpya, programu nyingi za gridi hukataa vyeti vyote vya mamlaka hiyo, vizuri na vibaya. Endesha `openssl crl -noout -nextupdate -in` ukitaja faili husika ndani ya `/etc/grid-security/certificates`, halafu kaangalie kwa nini `fetch-crl`, programu inayopakua orodha hizo, haijatembea. Jibu la kawaida: kuna mtu alibadilisha seva ya wakala wa intaneti na hakuna aliyeikumbuka.

Tangu msaada wa Globus Toolkit, programu ya msingi ya gridi nyingi, ulipokoma Januari 2018, gridi nyingi zimekuwa zikihamia kwenye tokeni. Makosa yake ni mafupi kuyatatua. Ifungue tokeni, soma `exp` (mwisho wa uhai), `aud` (mlengwa) na `scope` (madaraka). Tokeni iliyotolewa kwa ajili ya hifadhi ya data haitakubaliwa na kipangaji hata ikiwa mbichi. Ila usiibandike kwenye tovuti ya kufungulia tokeni. Ni sawa na kumpa mpita njia ufunguo akusaidie kusoma namba iliyochongwa juu yake.

Dalili: mwenzako ameona amri yako, au nenosiri lako

Badilisha nenosiri kwanza. Uchunguzi baadaye.

Kwenye Linux ya kawaida, mstari wa amri wa mchakato wowote unasomeka na mtumiaji yeyote wa mashine hiyo kwa `ps`. Ukiandika `--password=...` ndani ya amri, umeitangazia nodi nzima. Vigezo vya mazingira viko salama kidogo, kwani `/proc` huvionyesha kwa mwenye mchakato na root pekee, lakini vina tabia nyingine: `sbatch` hubeba mazingira yako yote kutoka nodi ya kuingilia hadi kwenye kazi. Funguo za huduma ya wingu ulizoziweka asubuhi kwa shughuli nyingine zitasafiri nayo, na programu ikianguka na kuchapisha mazingira yake kwenye logi, zitabaki humo. Tumia `--export=NONE` na utaje unachohitaji. Siri iweke kwenye faili yenye ruhusa 600 nje ya saraka ya pamoja, programu iisome yenyewe.

Msimamizi naye ana sehemu yake. `PrivateData` kwenye `slurm.conf` huficha kazi za mtu kwa wengine, `hidepid=2` huficha michakato, na `job_container/tmpfs` huipa kila kazi `/tmp` yake. Hili la mwisho husahaulika, na `/tmp` ya pamoja ni soko: faili zenye majina ya kutabirika, viungo vya mtego, masalia ya kazi za wiki iliyopita.

Je, kuta hizo zinatosha kama data ni nyeti kweli? Hazitoshi. Tangu Januari 2018, udhaifu wa prosesa uitwao Spectre na Meltdown ulipotangazwa, tunajua kwamba kazi mbili kwenye prosesa moja zinaweza kuchunguliana bila kuvunja ruhusa yoyote ya faili. Kumbukumbu ya GPU nayo imeonekana kubaki na mabaki ya mtumiaji aliyetangulia kwenye baadhi ya vifaa. Kwa data ya aina hiyo, omba nodi nzima kwa mtumiaji mmoja, na safisha GPU kwenye hati inayotembea kazi inapoisha. Utapoteza ufanisi wa foleni kidogo, na huo ndio ukweli wa biashara hii.

Dalili: nodi inachemka wakati foleni inasema haina kazi

Linganisha `squeue -w nodi07` na `ps` ya nodi hiyo. Mchakato wa mtumiaji usio na kazi kwenye foleni una asili tatu. Ya kwanza ni masalia: kazi iliisha, mtoto wake akatoroka. Ufuatiliaji wa michakato kwa `cgroup`, utaratibu wa Linux wa kuifunga michakato ya kazi kwenye kundi moja, unaitibu. Ya pili ni mtumiaji aliyeingia kwa SSH moja kwa moja ili kukwepa foleni. `pam_slurm_adopt` humzuia asiye na kazi kwenye nodi, na aliye nayo humwingiza ndani ya mipaka ya kazi yake. Ya tatu ni mgeni.

Wageni wapo. Mei 2020 kompyuta kubwa kadhaa za Ulaya zilifungwa kwa pamoja baada ya kuingiliwa, ARCHER ya Edinburgh ikiwa mojawapo, na kwenye baadhi ya vituo wavamizi walikutwa wakichimba sarafu za kidijitali. Hawakuvunja kipangaji. Waliingia kwa vitambulisho vya SSH vilivyoibwa kwa watumiaji halali, na kwa kuwa mtafiti mmoja huwa na akaunti kwenye vituo vingi, kituo kimoja kilifungua kingine. Ufunguo wa SSH usio na kaulisiri, uliokaa kwenye saraka ya nyumbani inayoonekana na kila nodi, ndio wakili mwenye madaraka kupita kiasi kuliko wote.

Kwa YARN hata wizi hauhitajiki. Bila Kerberos, Hadoop humwamini mteja anapojitaja jina. Weka `HADOOP_USER_NAME` jina unalotaka na umekuwa mtu huyo. Lango la 8088 la YARN likiachwa wazi kwa intaneti, mgeni anatuma kazi kama wewe, na wachimba sarafu wamelitumia sana. Kundi la `docker` (la wanaoruhusiwa kuendesha programu ya kontena) kwenye nodi ni kosa la ukoo huohuo, kwa sababu aliyemo anaweza kuwa root dakika anayotaka.

Ukishuku uvamizi, usiue mchakato haraka. `scontrol update nodename=nodi07 state=drain reason="uchunguzi"` huzuia kazi mpya lakini haikati mtandao, kwa hiyo mtandao ukate mwenyewe. Nakili orodha ya michakato, miunganisho, `authorized_keys` na `cron` za watumiaji wote. Kisha jiulize kama mvamizi alifika kuwa root. Kama alifika, ufunguo wa MUNGE uhesabu umeibwa, na kusafisha nodi moja hakusaidii kitu: tenga muda wa matengenezo, toa ufunguo mpya kwa nodi zote kwa mara moja.

Dalili: kazi imekamilika bila kosa, jibu si sahihi

Hadi hapa tumejiuliza kama klasta inamwamini mtumiaji. Sasa geuza swali: wewe unaiamini nodi?

Waliolazimika kulijibu mapema ni wa kompyuta za kujitolea, ambako watu huazima mashine zao kwa ajili ya utafiti. SETI@home ilianza Mei 1999 ikigawa kazi kwa mashine za watu wasiojulikana, na baadhi ya washiriki walirekebisha programu ili wapande kwenye orodha ya alama. BOINC, jukwaa lililotoka humo, huituma kazi ileile kwa mashine zaidi ya moja na kukubali jibu pale idadi iliyowekwa inapokubaliana. Kurudufu kazi zote ni gharama, kwa hiyo mashine yenye historia nzuri hukaguliwa mara chache, ila kwa kushtukiza. Akaunti mpya ianze bila sifa yoyote, la sivyo mdanganyifu atafungua akaunti mia na kupiga kura na nafsi yake.

Majibu yakitofautiana, usikimbilie kumshuku mtu. Tazama tofauti inafuata nini. Ikifuata aina ya prosesa, na iko kwenye tarakimu za mwisho tu, ni hesabu za desimali: linganisha kwa kuvumilia kiasi kidogo, au peleka nakala za kazi kwenye mashine za aina moja. Ikifuata akaunti moja popote inapokwenda, hapo kuna mkono wa mtu. Ikifuata nodi moja bila kujali nani anaitumia, ni chuma, yaani mashine yenyewe. Mwaka 2021 wahandisi wa Google na wa Facebook, kila upande kivyake, walieleza prosesa zinazokosea hesabu kimyakimya bila kutoa kosa lolote, nyingine kwenye kiini kimoja tu. Kwa kipangaji, nodi kama hiyo ni mfano wa afya njema: inawaka, inapokea kazi, inarudisha `COMPLETED`.

Mtego wake ni kazi ndogo yenye jibu linalojulikana, ikitumwa kwa kila nodi mara kwa mara na kufungwa kwenye kila kiini kwa zamu. Ukiikamata nodi, kazi bado haijaisha. Tafuta siku ya mwisho ilipojibu sahihi, endesha `sacct -a -N nodi07 -S` na tarehe hiyo, toa orodha ya kila kazi iliyopita hapo tangu siku ile, na uwaandikie wenyewe, hata kama wengine walishachapisha matokeo.